Makombora ya Mbao

Mume wangu alifundishwa ng'ambo kurusha makombora madogo kutoka kwenye boti za vita. Aliporudi Zaire, boti zilizokuwa Kalemie, kule ziwani, hazikuwa na kombora hata moja, basi wakamwambia akasubiri nyumbani. Nyumbani ni Lubumbashi, ambako bahari tunaisikia redioni tu. Akasubiri mtaani kwetu Naviundu, akitengeneza viti na vitanda ili tule.

Nililichoka kombora lile kabla sijaliona. Kila tukikaa kula bukari, ugali wetu, alinieleza upya: ni fupi, watu wawili wanalibeba, maana boti ndogo haiwezi uzito. Haliendi mbali, kwa hiyo lazima uisogelee meli ya adui mpaka uogope, kisha uliongoze kwa kijiti kilicho chini ya kidole gumba. Nikaitikia tu, mboga ikapoa.

Mwaka mmoja chama tawala kikataka gwaride la sikukuu lionyeshe jeshi la majini. Lori la mgodi likafunikwa mbao liwe boti, na mume wangu akapewa kazi ya makombora. Komanda wa majini alikuwa anakuja kutoka Kinshasa. Mume wangu aliamini kwamba akiyaona yana kipimo sahihi, na mabawa mahali pake, atajua hapa kuna mtu wa kazi, atamrudisha kwenye boti. Alipiga randa huku anaimba, jambo ambalo sikulizoea.

Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya umma, watu wote wakifagia barabara, kamati ya chama ikaja kuyakagua. Wakasema ni mafupi mno, wageni watatucheka. Yaongezwe mpaka yapite lori, yapakwe kijani cha bendera. Alibisha, wakamtisha, akaongeza. Mimi nilikasirika kuliko yeye.

Siku ya gwaride watu walipiga vigelegele. Mimi nilimtazama komanda peke yake. Alipiga makofi kwa furaha kabisa, na sidhani aliwahi kuona kombora la kweli. Akaagiza aitwe aliyeyatengeneza. Mume wangu akasogea, akabana visigino, akapiga saluti.

"Ni weye ulitengeneza bile byote?" komanda akamuuliza.

"Ndiyo, mon komanda."

"Basi utanitengenezea kabati ya madame."

Nilingoja amwambie sasa kwamba yeye ni askari wa makombora. Maneno alikuwa nayo, nilimsikia akiyarudia asubuhi alipokuwa anavaa. Mkono wake ukashuka taratibu kutoka kwenye paji la uso.

"Milango mibili ao mitatu, mon komanda?"