Shanga za Panya Buku

Juzi, katika nyumba ya wageni mjini Kasulu, nilimwona panya akiburuta kizibo cha soda uani. Alipita kando ya ukoko wa ugali bila hata kuunusa. Papo hapo nikasikia harufu ya udongo mbichi wa shamba letu la Rungwe Mpya.

Nilikuwa mtoto bado. Mchana ule shanga za mama zilikuwa zimepotea, na mama alikwisha kumjua mwizi: jirani yetu Mama Shukuru, aliyekuja kutoka Burundi. Shukuru alikuwa rafiki yangu wa pekee, nami nilikatazwa kukanyaga kwao.

Kaka alikuwa kwenye mihogo, akichimba shimo la panya buku apate kitoweo. Jembe lilipofika mwisho tuliona shanga za mama, vifungo na vizibo vimelazwa pamoja, mbali na karanga. Niliamini panya yule alikuwa bibi harusi.

Nilikimbia nazo nyumbani. "Mama, si Mama Shukuru! Ni panya!"

Mama alizitazama asizishike. "Panya anakula shanga?"

"Hali, mama."

"Basi anazitakia nini? Huyo katumwa." Akatupia jicho ua wa jirani.

Leo nasikia panya buku hukusanya vitu vya kung'aa, na sababu haijulikani vizuri. Mama hakuweza kuamini kwamba panya anapenda pambo. Kwamba jirani anafuga panya mwizi, hilo aliliamini mara moja. Hakuzivaa tena shanga zile, na mimi sikucheza tena na Shukuru.