Koti Lililotoka Migodini

Mume wangu alipopooza mkono wa kulia, mimi ndiye niliyekalia cherehani yake, kwenye baraza ya duka moja pale Mlowo. Asubuhi nilipalilia kahawa, mchana nikashona, na jioni miguu ilikuwa imevimba kwa kukanyaga.

Alikuwa amenifundisha kutililia kwa mashine. Unafungua ule mguu unaobana kitambaa, unafunika meno yanayokisukuma, unakitia kitambaa kwenye fremu ya duara, kisha unakisogeza mwenyewe kwa mikono, mbele na nyuma, mpaka nyuzi zijaze tundu. Ukivuta kwa pupa, sindano inakatika. Ukizubaa, uzi unafanya donge.

Siku moja akaja mama wa makamo kutoka Ruanda, kijiji cha jirani, amebeba koti la sufu la mwanawe. Kijana alifia kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akazikwa huko huko. Zililetwa nguo tu. Koti lilikuwa limechanika kutoka kwapani hadi kifuani. Alitaka lizibwe pasionekane kitu. Nilimweleza kwamba kiraka kingetosha na angeondoka nalo siku ile ile. Akakataa kwa upole, akasema atarudi.

Lilinichukua siku tatu. Sindano mbili zilikatika. Mgongo uliwaka moto, macho yakawa yanatoa machozi yenyewe. Mume wangu, aliyekuwa akikaa nyuma yangu kutwa nzima, aliniambia, "Pumzika, mama watoto." Sikupumzika, maana nikisimama nisingeweza kukaa tena.

Yule mama aliporudi alilitoa koti juani, akapitisha kidole pale palipochanika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamuuliza nani kati ya wanawe atalivaa.

"Hakuna, mwanangu. Kesho tunalizika. Sikumwosha, sikumvisha. Sikutaka aende na nguo iliyochanika."

Naona aibu kulisema, lakini nilichowaza kwanza ni mgongo wangu: siku tatu kwa ajili ya kitu cha kufukiwa. Kisha nikaona kifungo kimoja kinalegea. Nikaliomba tena, nikakikaza, nikalipiga pasi.

Kesho yake sikwenda shambani. Nilitembea mpaka Ruanda, nikasimama nyuma ya watu. Mchungaji aliomba kwa Kinyiha. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, nami nilikuwa nimechoka mno, sikujieleza.