Mwili wa Yaya Mwamini, Samaki wa Mama

Samaki wa moshi akikaa siku tatu juu ya kichanja, harufu yake huingia mpaka kwenye nguo za shule. Jikoni kwetu Kindu, nyuma ya nyumba aliyopewa baba kwa kazi yake ya reli, harufu hiyo ilichanganyika na ya mawese yanayochemka, nami sikupita pale bila kumeza mate. Jina langu Zaina. Nilikuwa na miaka kumi, mwembamba kama mti wa muhogo uliopandwa kivulini. Yaya Mwamini, dada yangu wa pekee, alikuwa na kumi na mitano, na mwaka ule, enzi za Zaire na chama kimoja, alianza kunenepa. Niseme wazi mapema: nilimwonea wivu.

Kwetu wakati ule unene haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Binti mnene alikuwa sifa ya baba yake. Watu walimtazama wakaamini kuwa mshahara wa mzee unafika, hata miezi ambayo haukufika. Shangazi yetu, mfanyabiashara wa Kampene, alipokuja kututembelea alimzungusha Mwamini uani kama anayechagua mbuzi, akasema, "Huyu njo mutoto. Anaonyesha kama mu nyumba iko chakula." Akampa kitenge kizima. Mimi nikapewa chanuo. Shuleni, tulipofanya mazoezi ya kuimba na kucheza sifa za Rais ili kuwapokea wageni wa chama, Mwamini aliwekwa mstari wa mbele, wageni waone kwamba Maniema yetu inakula. Mimi nilikuwa wa mwisho, mgongo wake ukiniziba, na mgongo ule ulinichoma roho kuliko kitenge.

Na huyo Mwamini hakuwa mlaji. Hilo nililijua mimi kuliko mtu yeyote, kwa sababu tulikula sahani moja, na kila jioni alikula matonge matatu ya bugali na sombe kidogo, mboga ya majani ya muhogo, kisha akanisogezea yaliyobaki. Alikuwa na mambo mengine pia. Mchana wa jua kali alivaa sweta ya baba na kulalamika baridi. Alisinzia akichambua mchele. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyelala na mafua, na nywele zake zilibaki nyingi kwenye kile chanuo changu. Macho yangu yaliyaona yote, lakini mwenye wivu haoni ugonjwa, huona bahati tu. Nilifikiri anadeka.

Kisha nikaanza kuiba samaki. Mara ya kwanza ilikuwa njaa, nisijitetee zaidi ya hapo. Mama alipouliza nani amekula, hakungoja jibu. Yeye, baba, hata jirani aliyekuja kuomba moto, wote walimgeukia Mwamini. Nani angemdhania mtoto mwenye mbavu za kuhesabika? Nikanyamaza, na ndani yangu kitu kikacheka. Mara ya pili sikuwa na njaa. Nilijua kila kipande nitakachokula mimi kitaandikwa kwenye mwili wake.

Mambo yakamgeukia upesi. Mwalimu wa mazoezi alimtoa mstari wa mbele kwa sababu ngoma ilikuwa inamwacha. Miguu ilikuwa mizito, alihema. Mama, aliyekuwa amekuja kutazama, alirudi na aibu hiyo nyumbani. Unene uliokuwa heshima ukawa ushahidi. Akampunguzia chakula, akamkataza kulala mchana, akamtuma maji mtoni Lualaba mara nne kwa siku, na Mwamini hakupungua hata kidole. Basi mama akakata shauri. Alimfungia kwenye chumba cha kuwekea mpunga, siku tatu, kwa uji mwepesi asubuhi na jioni, ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la kikwembe chake. Samaki kumi na mmoja walibaki juu ya kichanja. "Tutaona," mama alisema. "Kama haiibiwe, mwizi njo yeye."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni. Kipande kimoja tu, kimoja, kingemtoa dada yangu mle ndani akiwa safi. Sikugusa. Sijawahi kuwa mtoto mwema kama siku zile tatu: nilifagia uwanja, nilisali, nilipita chini ya kichanja mikono nyuma. Usiku nilimsikia akikohoa kati ya magunia, nikajifunika shuka masikioni.

Siku ya tatu mama alihesabu samaki, wote kumi na mmoja, akafungua mlango. Mwamini alitoka na mwili uleule. Mtu mwenye utulivu angejiuliza imekuwaje. Mama, ambaye hakuwa mtu mkatili, alikuwa amechoka na ameaibika, akasema, "Umeiba mpaka mwili iko na akiba." Akampiga. Mwamini alisema kwa ile sauti yake nzito, "Mama, si miye." Hakulisema tena.

Wiki ile ile alianguka kwenye njia ya mtoni na ndoo yake. Kwenye zahanati, muuguzi mmoja mzee alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akamgeukia mama. Mwamini alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, bado mdogo. Tezi ikilegea, alieleza, mwili wote hulegea: damu hupoa, usingizi huzidi, na unene hung'ang'ania hata mtu akila kama ndege. "Hata mumufungie mwezi muzima, mama, hatapunguka." Akaandikiwa vidonge. Mama alilia njia nzima. Nami nikadhani yamekwisha, mpaka tulipofika mlangoni akapangusa macho na kusema, "Ugonjwa njo ugonjwa. Samaki nayo njo samaki." Unene ulisamehewa. Wizi ukabaki jina lake, kwa zaidi ya miaka arobaini, katika utani wa kila karamu ya ukoo.

Leo mwili niliouonea wivu ninao mimi. Daktari anasema ugonjwa wa tezi hupenda kupita katika familia, na kwamba si tezi peke yake inayonenesha. Wapo wanawake wanaozuiwa kupungua na vifuko vyao vya mayai ya uzazi, wapo wanaoneneshwa na dawa. Nameza kidonge kila alfajiri, nala kidogo, na bado wifi yangu huvuta sufuria upande wake nikikaa. Mwezi uliopita alipoivuta, niliinuka nikaenda kwa mama. Nilimweleza yote, mpaka zile siku tatu ambazo sikugusa samaki.

Mama akasema, "Nilimupiga," akanyoosha mkono nimwinue. Nilimshika mpaka nyumbani kwa Mwamini, vichochoro viwili tu kutoka pale. Mama akakikumbatia kichwa cha dada yangu, bibi wa wajukuu tisa, akalia kwa sauti huku akimwita kwa jina la utotoni. Mwamini alinitazama juu ya bega la mama. Nilisimama mlangoni na kandambili za mama mkononi, nimejaa aibu, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu tena. Mama hajawahi kunililia mimi hivyo.