Siku Pilau la Walima Lilipokwama Nyuma ya Ukuta

Jamani, hili nawasimulia nyie tu, na mkicheka chekeni kidogo, maana kule Kipawa wananicheka mpaka leo na mie bado ni mwenyekiti wa baraza la usuluhishi.

Siku hiyo nilialikwa walima kwa Mzee Shomari, nikaamua nisinywe chai asubuhi ili nilitendee haki pilau (mnanijua, mie na pilau damu damu). Mashauri ya mwanzo niliyasikiliza kwa upole, mmoja hata nikamtania. Adhuhuri ikikaribia, tumbo linanguruma kuliko walalamikaji, akaingia Bi Mwanaidi, analalamika kwamba jirani yake anajenga ukuta kuziba kichochoro anachopita, na mafundi wako kazini saa hiyohiyo. Akaomba tusimamishe ujenzi, twende tukaone eneo. Na desturi yetu ndiyo hiyo, mgogoro wa njia hauamuliwi mmekaa kitini. Lakini kwenda kuona eneo ni jua, ni vumbi, ni pilau kuliwa na wengine, halafu yule mama anaongea polepole mno, nikamwona msumbufu tu. Jirani yake kasema maneno mawili akanyamaza, nikamwona muungwana.

"Mama, ukuta uendelee, wewe zunguka," nikasema, nikafunga kikao, nikaenda kuvaa kanzu.

Kwenye walima tukakaa, tukakaa, pilau halionekani, wageni wameanza kununa. Mzee Shomari akaja kutuomba radhi: mpishi wake, Bi Mwanaidi, kapikia kwake, na sasa sufuria halina pa kutokea kwa sababu ukuta umeshaziba kichochoro, na barazani kaambiwa azunguke. Nikainamisha kichwa, lakini watu walishanigeukia.

Basi tukaenda wanaume wanne kulibeba. Kuzunguka kwenyewe ni kupita ukingoni mwa mtaro wa maji machafu, na mie kwa pupa nikateleza; sufuria wenzangu wakalidaka, mie nikazama hadi kiunoni na kanzu yangu nyeupe. Bi Mwanaidi kasimama pale juu, wala hakucheka.

"Mwenyekiti," akasema, polepole vilevile, "sasa eneo umeliona."

Aibu niliyoisikia, acheni tu. Akanipa kanga nijifunge, akanipakulia, nikala sahani mbili. Kikao kilichofuata nikaita pande zote, tukaenda hadi ukutani, jirani akabanwa mpaka akakubali kuubomoa, na watu wakanisifu kwa busara. Ila mie mwenyewe sijui hadi leo kama iliyoamua pale ilikuwa haki au zile sahani mbili. Kwa hiyo siku hizi siingii barazani bila chai na chapati, na Bi Mwanaidi akija tena na shauri, namwachia mwenzangu kiti.