Kigari Kisichomtosha Baba Mkwe

Siku mume wangu alipokileta kile kigari nyumbani kwetu Kihesa, majirani walitoka nje kukitazama, na wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mama mmoja muuza maziwa. Aliuliza kama kitaendelea kukua. Watu wakacheka, na mume wangu akacheka nao, maana siku hiyo hakuna mtu ambaye angeweza kumwondolea furaha. Mimi sikucheka. Nilikizunguka, nikafungua mlango, nikatazama viti. Mbele vilikuwa viwili, na nyuma kibenchi ambacho mtu mzima angekikalia magoti yakimgusa kidevu. Milango ilikuwa miwili tu, kwa hiyo wa nyuma hapiti mpaka wa mbele ashuke na kiti kikunjwe. Nikaufunga mlango taratibu. Kulikuwa na mtu niliyekuwa nikimtafutia dawa yake kwa miaka, na sasa nilikuwa nimeipata.

Mtu huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Sisi ni Wanyakyusa, na kwetu, enzi zile hasa, mwanamke na baba wa mumewe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia majanini, najifunika khanga mpaka apite. Silitamki jina lake. Sauti yangu asiisikie. Na yeye kwa upande wake haingii katika nyumba niliyomo mimi, hata iwe nyumba ya mwanawe wa kumzaa, hata mvua imnyeshee. Nimekua nikimwona mama yangu akifanya hivyo na sikuona ubaya wowote. Ilikuwa heshima, na mimi heshima hiyo niliijua vizuri kuliko wengi. Nilichokichukia ni jinsi alivyoitumia.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa karani Iringa, na ilitakiwa nikajifungulie kwa mama yangu, ng'ambo ya Mbeya. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, malori yakawa ya kubahatisha. Likapatikana moja, nikapandishwa nyuma, chini ya turubai, katikati ya magunia. Hatukujua kwamba mzee, aliyekuwa amekuja Iringa kwa shughuli zake, alikwisha kupanda kule Mlandege, mjini Iringa, na alikuwa mbele, pembeni mwa dereva. Tulisafiri hivyo kutwa nzima, yeye hajui, mimi sijui, na hakuna aliyepatwa na lolote.

Lori liliposimama Igawa watu wakashuka kula. Nami nikashuka nikatafute maji, tumbo limenitangulia. Nilimsikia akikohoa. Nikageuka, nikajifunika, nikachuchumaa nyuma ya kibanda kama inavyotakiwa, lakini alikuwa amekwisha kuniona mgongo. Alimwita dereva akamwambia kwamba hawezi kusafiri chombo kimoja na mke wa mwanawe. Dereva alikuwa mtu wa pwani, alishangaa. Alimwuliza kuna shida gani, mama yuko nyuma na mzee uko mbele, katikati kuna mbao na chuma. Mzee akasema ndiyo mila yetu. Alikuwa na koti, alikuwa na kofia, na kiti cha mbele kilikuwa chake. Utingo akakiteremsha kifurushi changu, akakiweka chini bila kunitazama.

Mmoja wetu alipaswa kubaki, hilo sikatai. Lakini yeye alikuwa mzima wa afya, na alikuwa na wenyeji pale aliozoea kununua mpunga kwao. Mimi nilikuwa na mimba ya kuhesabiwa siku, na sikumjua hata mtu mmoja. Alipanda akakaa.

Bibi mmoja wa Kisangu, aliyekuwa akiuza uji pale barabarani, ndiye aliyenichukua nyumbani kwake. Mtoto hakungoja lori jingine. Alikuwa wa kiume, alilia kidogo, akanyonya kidogo, akafa. Walionizikia walikuwa wanawake wa Igawa ambao hata lugha yangu hawakuielewa. Nilipofika kwetu hakuna aliyenililia. Mzee alikuwa amesema kwamba mtoto ambaye hakuonwa na mtu yeyote wa ukoo hawekewi matanga. Mume wangu alipokuja aliinamisha kichwa, akasema, "Wazee ndivyo walivyo." Basi, yakaishia hapo.

Yaliishia hapo kwao. Mimi nilizaa tena, mabinti wawili, nikapika, nikafua, nikacheka panapochekwa, na kinyongo nikakilea pamoja na watoto.

Turudi kwenye kigari. Mume wangu alikinunua kwa mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao, na kilikuja na harufu ya tumbaku na ya mbwa ambayo hata sabuni haikuitoa. Kilikuwa cha kijivu. Ubavuni kilikuwa na vijiti viwili. Ukitaka kukata kona, kimoja kinachomoza na kutoa taa nyekundu, na mara nyingine kinagoma kurudi mpaka ukipige kofi. Asubuhi za Iringa zina baridi, nacho kilikuwa kivivu kuamka. Mume wangu alianza na choki, kisha anashuka na hendeli, anazungusha, anakitukana kwa Kinyakyusa, anakibembeleza kwa Kiswahili. Kikishaitika kilitetemeka chote, na mabinti zangu walipenda kuweka mikono kwenye bodi ili watetemeke nacho.

Lakini petroli kilikuwa hakili. Hilo lilimpa mume wangu kiburi kuliko rangi na viti. Kila jioni akitoka kazini alichovya kijiti ndani ya tangi, akaniletea jikoni nione jinsi kilivyolowa. Kwenda ofisini na kurudi, kushuka mjini na kupanda tena Kihesa, wiki nzima, na kijiti bado kimelowa. "Kinakunywa kama mgonjwa," alisema, akakifuta kwa kitambaa. Zamani alikuwa akipanda kile kilima akisukuma baiskeli, suruali imejaa vumbi. Sasa alifika kazini viatu vinang'aa. Siwezi kusema uongo, nilikipenda. Nilipenda jinsi kilivyokuwa kidogo. Kwenye lori kubwa kuna mbele na nyuma, kuna mahali pa kumficha mtu. Mle ndani hapakuwa na pa kumficha hata kuku.

Habari zilimfikia mzee mapema kuliko nilivyotarajia. Alipanda basi, akaja, akafikia Mlandege kwa mfanyabiashara mmoja wa mpunga, mtu mwenye asili ya pwani. Kwetu asingeweza kulala, mimi nilikuwepo. Mke wa yule mfanyabiashara alikuwa shoga yangu, ndiye aliyeniletea yote. Mzee alikuwa anataka kurudi Mbeya ndani ya gari la mwanawe, tena mchana, ashushwe mbele ya baraza la chifu siku ambayo wazee wote watakuwepo. Alikwisha kutuma watu kutangulia kusema. Na kila jioni, baada ya chakula, alikuwa akimweleza mwenyeji wake jinsi wakwe wa kwao walivyo na adabu, jinsi baba hawezi kuingia nyumba aliyomo mke wa mwanawe hata kama inaungua, si kama huku mjini ambako watu wanachanganyikana kama mbuzi. Shoga yangu aliniambia huku akicheka. Nilimwomba anirudie maneno hayo tena, neno kwa neno.

Mume wangu aliniambia kwamba likizo hiyo mimi na watoto tungebaki, tungekwenda safari nyingine. Alisema akitazama sufuria. Nikamjibu haya.

Asubuhi ya safari, alipokuwa bado anachemsha maji ya kumwagia kwenye rejeta, niliwavika mabinti masweta, nikawapitisha nyuma, nikarudisha kiti, nikakaa mbele. Nilijifunika khanga kichwani ikashuka hadi usoni, kama mke mwenye adabu zake. Nikafunga mlango. Nikapandisha kioo.

Mume wangu alitoka na birika mkononi, akasimama.

"Mama watoto, shuka. Baba anakuja."

"Aje," nikamwambia. "Mimi niko ndani."

Alidhani natania. Alipoona sitanii alianza kubembeleza, kisha akafoka, kisha akabembeleza tena. Sikushuka. Muuza maziwa naye alikuwa amekwisha kuegemea ua, hataki kupitwa.

Mzee akafika na mwenyeji wake na watu wengine wa Mlandege waliokuja kumsindikiza. Niliiona kofia kwa chini ya khanga, nikainamisha kichwa zaidi. Aliponiona aligeuka upesi, akatupa mgongo. Akamwambia mwanawe amtoe mwanamke garini. Nikamsikia mume wangu akisema amekataa. Yule mfanyabiashara wa mpunga, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kweli, akasema kwamba mbona jambo ni jepesi, mzee aingie tu, ageuze uso dirishani, safari ni ya siku moja.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemngoja. Mtego ulikuwa wake mwenyewe, mimi niliufungua tu. Angeingia, watu wale wangesema kwamba kumbe yale mahubiri ya kila jioni yalikuwa maneno matupu. Na kunitoa kwa nguvu asingeweza kuthubutu, maana angepaswa kunisogelea. Mfanyabiashara alipoyakumbuka mahubiri hayo, alilitazama gari, akatazama mlango, kioo na paa, akasema polepole, "Basi, bwana, hii nayo ni nyumba. Na mke wa mwanao yumo." Wale wengine walikubaliana naye wakiwa wamebana vicheko. Mzee aliondoka kwa miguu kuteremka Mlandege kutafuta lori, na kofia yake nzuri. Roho yangu ilisuuzika. Niliposikia hendeli inazungushwa na injini inaitika, nilicheka ndani ya khanga mpaka machozi yakanitoka.

Tukaondoka. Kigari kilipanda kilima kikilia, kikachemka, tukasimama kikapoa. Karibu na Makumbako tukapata pancha. Hapo lori moja lilitupita likatumwagia vumbi, na juu ya magunia, ameshika kofia kwa mikono miwili, alikuwa yeye. Kiti cha mbele siku hiyo kilikuwa cha mtu mwingine. Mume wangu aliendelea kukaza nati bila kuinua uso. Mimi nilimtazama mpaka akapotea. Nilijua si adabu.

Tulipofika Igawa jua lilikuwa limeanza kuinama. Lile lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, springi imevunjika, na abiria wamekaa chini kando ya barabara na mizigo yao. Mume wangu alisimama. Alisema anataka kuongeza maji, na kweli rejeta ilikuwa inafuka. Mzee aliinuka. Alikuja hadi hatua chache kutoka garini, akageuka, akatupa mgongo, akaongea na mwanawe kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia. Baraza lilikuwa kesho yake. Lori halikuwa na matumaini.

"Mwambie mkeo akae nyuma na watoto," alisema. "Tutundike blanketi katikati. Sitamwona, hataniona."

Blanketi. Siku ile kati yetu palikuwa na ubao na chuma, na mwanangu akafa. Sasa, kwa ajili ya kushuka garini mbele ya wazee wenzake, blanketi lilitosha. Nadhani kama asingelisema hilo ningeendelea na ushindi wangu mdogo wa asubuhi, nikaridhika nao. Nilishusha kioo. Sauti yangu alikuwa hajapata kuisikia maisha yake yote, akaisikia.

"Baba watoto," nikasema, "mwulize mzee mjukuu wake amezikwa wapi hapa. Anyooshe kidole tu. Akipanyooshea, mimi na watoto tunashuka, tunabaki, na yeye akae mbele mpaka barazani."

Abiria wa lori wakageuza shingo. Mzee hakugeuka. Aliinua mkono kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye mwinuko, ambako makaburi ya pale yalionekana hata kwa mgeni. Nikamtazama mume wangu anijibie, amwambie si pale, amekosea. Miaka yote tulipopita pale kwa lori na mimi nikashuka peke yangu kwenda kaburini, alikuwa akidhani naenda kujisaidia. Naye alikuwa ameukazia macho mwinuko uleule.

"Si kule?" akaniuliza.

Walikuwa wameelekea upande mmoja, baba na mwana, na mtoto alikuwa nyuma yao, upande wa mto, penye mashamba ya mpunga. Nilikuwa nimesafiri na kisasi cha kumtosha mtu mmoja, kumbe walikuwa wawili. Nikapandisha kioo, nikamwambia mume wangu atie maji, twende.