Mwanaume Aliyeangushwa na Kicheko

Nikisema kwamba kazi yangu Bunia ilikuwa kuuguza usingizi, watu wanacheka. Wananiuliza kama nililipwa ili nilale. Nawaacha wacheke. Kicheko cha mtu sikikatizi tena, hata kikiwa cha kunidhihaki mimi mwenyewe.

Nilianza na malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kisha nikapelekwa Kisangani kujifunza magonjwa ya neva na ya usingizi. Niliporudi nikapewa chumba kimoja nyuma ya hospitali, vitanda vichache, na dirisha linalotazama jiko ambapo ndugu za wagonjwa walipika. Wakati wa amani walikuja wanaume wanaokoroma hadi mke anahamia kwa dada yake, walikuja watoto wanaotembea huku wamelala, na wazee ambao malale iliwaachia kichwa kizito. Vita ilipoingia wakaja wale wasiolala kabisa. Hao sikujua niwaambie nini. Mama ameacha maiti za watoto wake katika shamba la mihogo kule Djugu, halafu mimi nimshauri asinywe chai jioni?

Sitaficha, nilikuwa nimechukizwa. Si na wagonjwa, hapana. Nilichukizwa na watu wazima waliovunja maduka ya dawa, kisha vidonge vya usingizi wakavitandaza sokoni pamoja na sabuni na chumvi, wateja wakichagua kwa rangi. Nilichukizwa na wale wenye bunduki waliokuja kwangu kutaka dawa ya kuwakesha ili watembee usiku bila kuchoka. Niliwajibu kwamba hapa kwangu watu wanalazwa, hawakeshwi. Wakapiga kitanda teke, mgonjwa akiwa juu yake, wakatoka wakicheka. Nilichukizwa hata na unga wa msaada uliokuwa ukinuka gunia. Nyongo ilinikaa kooni, na kila nilipofungua kinywa ilitoka kidogo. Wenzangu walikuwa wakisema, leo msimguse yule mama, ameamka vibaya. Kila siku niliamka vibaya.

Asubuhi moja akaingia mama wa Djugu, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri ingawa kimepauka, anamvuta mume wake kwa mkono wa shati. Mume alikuwa mkulima, mrefu, mwenye vidole vinene vya mtu wa jembe. Kabla sijamwambia aketi, alikuwa amekwisha sinzia, akiwa wima, bega lake kwenye mlango.

"Mama munganga," mke akasema, "utusaidie. Wanataka kumufukuza ku kambi."

Kambi yao ilikuwa pembeni ya mji, vibanda vya shitingi, yaani turubai za plastiki, vimebanana, watu waliokimbia vijiji vyao. Kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja kwa ajili ya ronde, yaani ulinzi wa usiku. Walizunguka na sufuria na kijiko cha chuma. Wakisikia kitu, wanagonga mpaka kambi nzima iamke. Mlinzi akisinzia, wenzake walimtia pilipili machoni, pilipili mbichi iliyopondwa na kuchanganywa na maji ndani ya kopo la nyanya. Ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyeiona mbaya. Watu hao hao, mtoto akizimia kwa homa, walimtia pilipili puani ili aamke. Mara ngapi nimeosha pua za watoto nikitukana kimoyomoyo.

Mwanaume huyu walimtia, akalala tena. Walimtia tena, akalala tena. Ndipo siku moja wezi wenye silaha wakaingia kwa upande aliokuwa akiulinda yeye, wakachukua mbuzi wote wa kambi na kumkata mapanga mzee mmoja. Mzee alipona, lakini prezida wa kambi, aliyekuwa zamani mchuuzi wa ng'ombe, akasema huyu hakulala. Amejilaza. Ameuza njia kwa adui. Atoke. Na kutoka maana yake ilikuwa kupita kizuizi cha mwisho na kushika barabara ya Marabo, ambako mtu wa kabila lake hakuwa akiulizwa jina mara mbili. Kumfukuza kulikuwa kumuua kwa mkono wa mwingine, na kila mtu kambini alilijua hilo.

Nilimwamsha, nikamuuliza maswali. Alilala tangu ujana, akasema, analala akila, analala akilima, jembe linabaki mkononi. Wazazi wake walimwita mvivu, wakachoka. Nikadhani ni malale, nikaanza kumpapasa shingo kutafuta matezi. Hapo mke akasema neno lililonifanya niache.

"Na akicheka, anaanguka."

"Anaanguka vipi?"

"Kidevu inashuka, magoti yanaisha, anafika chini. Lakini iko nasikia yote. Akiamka anakwambia maneno yote ulisema."

Ugonjwa huo nilikuwa nimeusoma Kisangani tu, sikuwahi kukutana nao. Mtu yeyote akilala, mwili wake unalegea, ndiyo maana hatuamki kitandani na kukimbia tunapoota kwamba tunakimbia. Kwa huyu ulegevu huo unakuja mchana, kicheko kikiuita, wakati kichwa kiko macho kabisa. Anabaki ndani ya mwili usiomtii. Nilimwambia kwamba ni ugonjwa, una dawa, si uchawi na si uvivu. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Kumbe miye si mwongo," akasema. Kisha akalala.

Kesho yake nikaenda kambini pamoja nao. Wanakamati walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, watu wamesimama nyuma yao, wengi mno, kwa kuwa kambini hakuna kazi na hukumu ni kitu cha kutazama. Prezida alikuwa na kijiti mdomoni. Nikaeleza yote taratibu, hata lile la kusikia nikalisema mara mbili: akianguka anasikia, hajazimia, ila mwili hautikisiki.

"Ugonjwa ya kucheka," prezida akasema. "Mama munganga, siye tuliona magonjwa mingi. Hiyo haiko. Basi acheke, tuone."

Nani atamchekesha mtu siku ya hukumu yake? Ndipo mke akasogea mbele ya mume wake, akamtazama usoni, si kamati, na akaanza kusimulia kwa sauti ya chini.

Ilikuwa habari ya siku mume na ndugu zake walipokwenda kwao kumposa yeye. Mjomba wa mume ndiye aliyepewa kazi ya kusema, na alikuwa ameikariri hotuba yake njia nzima. Walipofika kwa baba mkwe hakukuwa na kigingi cha mbuzi wa mahari, basi mjomba akaifunga kamba ya mbuzi kwenye mkanda wa suruali yake, akasimama, akasafisha koo. "Tumekuja kwa heshima kubwa," akasema. Mbuzi akaona mbuzi jike ng'ambo ya ua. Akatoka mbio. Mjomba naye akatoka, na hakuacha hotuba. Alizunguka nyumba akisema "sisi ni watu wa ukoo mzuri," akapita jikoni akisema "hatuna madeni kwa mtu," na alipopita mbele ya baba mkwe mara ya pili, suruali magotini, alikuwa amefika kwenye "Mungu awabariki."

Watu waliokuwa hawajacheka tangu wakimbie makwao wakaanza kucheka. Mume alikuwa amebana midomo, anatazama chini. Nikaona mabega yanatikisika. Kisha kikamtoka, kicheko kikubwa cha kifuani, na papo hapo kidevu kikashuka, magoti yakakunjika, akafika chini mzima mzima, mkono mmoja chini ya ubavu, mwingine umetupwa kwenye vumbi. Macho yalikuwa nusu wazi.

"Haya," nikasema. "Ndiyo hiyo."

Prezida akainuka na lile kopo la pilipili la ronde. Nilidhani anasogea ili aone vizuri. Akapiga goti, akafungua jicho la yule mtu kwa kidole gumba, akamimina. Kabla sijafika alikuwa amekwisha mimina na jicho la pili.

Waswahili wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi siku ile niliiona adhabu hiyo na maiti alikuwa hai. Macho yaligeuka mekundu, machozi yakatiririka mpaka masikioni, pumzi ikaanza kukatika katika pua, na ule mkono uliolala vumbini haukusogea hata kidole. Mke wake alipiga magoti akawa anampuliza machoni. Mate yalinijaa mdomoni, nikayatema pale pale mbele ya kamati.

"Munaona machozi?" prezida akawauliza watu. "Iko nasikia. Mutu mwenye kulala halii. Mwongo. Atoke leo, jua ikiwa bado juu."

Na watu wakaguna kwamba ndiyo. Wale wale waliokuwa wakimcheka mjomba. Kijana mmoja alikuwa ameanza kuvuta shitingi ya kibanda chao, kwa sababu shitingi nzuri haikai bila mwenyewe. Hiyo nayo sijaisahau.

Nilichukua bidoni ya maji, nikamwosha macho mpaka mkono wake ukarudiwa na nguvu, ukaenda wenyewe usoni. Kisha nikaliokota kopo. Pilipili ilikuwa imebaki chini.

"Anasikia," nikasema. "Nimewaambia mara mbili kwamba anasikia. Nani aliangalia mkono? Prezida, lala hapa. Nikutie jicho moja tu, usitikise mkono. Ukiweza, huyu ni mwongo, na miye mwenyewe nitamubebea mukeka wake mpaka kizuizini."

"Mama, weye uko na kichwa mubaya," akasema akitabasamu.

"Niko nayo. Lala."

Nikachovya kidole, nikakipeleka usoni kwake. Kabla sijafika karibu, mkono wake ulipiga wangu, benchi likaanguka, na yeye akawa upande wa pili akijipangusa macho ambayo hayakuguswa na kitu. Bibi kizee aliyekuwa ameketi mbele kabisa, miguu imenyooshwa, akasema bila haraka, "Eh, prezida. Pilipili iko bado njiani, weye umefika Uganda."

Watu wakacheka tena. Hukumu ilikwisha hapo. Hakuna aliyeitengua kwa maneno, hakuna aliyeomba msamaha. Yule kijana aliirudisha shitingi akiwa anatazama kando, na mzee mmoja wa kamati akasema basi huyu awe wa kuchota maji mchana, ronde aiache. Prezida alitema kijiti chake akaondoka. Niliosha mikono njia yote ya kurudi, kwenye kila mfereji. Mpaka leo kwangu pilipili haipikwi.

Nilikuwa na vidonge vidogo tulivyowapa wenye huzuni nzito, na vidonge hivyo hivyo humsaidia mtu wa ugonjwa huu asianguke anapocheka. Nikampa. Akaendelea kusinzia, lakini alikuwa anachota maji, na alikuwa hai, na kwa wakati ule Bunia hilo halikuwa jambo dogo. Nilijisifu kidogo, kwa nini nikatae.

Mvua zilipoanza mke alikuja peke yake kuchukua vidonge vingine. Nikamuuliza kama dawa inafanya kazi.

"Sijui, mama."

"Hujui namna gani? Akicheka bado anaanguka?"

Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Hacheki," akasema. "Ile ya mujomba na mbuzi, ilikuwa yetu. Tangu tulikimbia, tukisha kulala nilikuwa namuhadisia mu sikio, anacheka. Ku mukeka hapana shida, hakuna fasi ya kuanguka. Sasa nikianza tu, 'Siku ile mujomba,' anafunika macho na mikono yote mbili."