Fundi Redio wa Asafo na Kipima Joto cha Mwalimu

Fundi redio wa mtaa wa Asafo, pale Kumasi, alikuwa mashoto, lakini hakuna aliyewahi kupokea kitu kutoka mkono wake wa kushoto. Alilehemu kwa kushoto, akafungua skrubu kwa kushoto, kisha akakihamishia kitu kulia ndipo akupe, hata kikiwa cha moto, maana kumpa mtu kitu kwa kushoto, au kukipokea kwake kwa kushoto, ni kumtukana. Kila alichokipokea alikipuliza vumbi mara tatu, kama anayepoza uji. Sauti yake ilikuwa ya chini. Ukitaka kumsikia sharti uiname.

Mwalimu Dwomoh hakuinama. Alibwaga mezani kipima joto cha kuunganishwa na kompyuta, pamoja na nyaya zake, wauza ndizi za kuchoma wakisikia. "Umeniuzia kibovu. Wiki nzima kompyuta yangu haipati hata namba moja. Nimefundisha fizikia miaka thelathini, usinifanye mtoto." Fundi akapuliza mara tatu, akazifuata nyaya kwa ukucha. Mwalimu naye akaufuata ukucha ule, na uso ukamshuka: alikuwa ameunga waya wa kutuma kwa wa kutuma, wa kupokea kwa wa kupokea. Kipima joto na kompyuta vilikuwa vikisema kwa pamoja, hakuna kinachosikiliza. Fundi akazibadilisha, akachomeka kwenye kompyuta yake, namba zikaanza kutiririka kiooni. "Kumbe ilikuwa nini?" akauliza muuza ndizi mmoja. "Kosa langu," fundi akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Nilimuuzia kibovu." Akakihamishia mkono wa kulia, akampa. Mwalimu alishukuru, akaondoka haraka, na alikuwa ameshafika kituo cha mabasi alipotanabahi kwamba amekipokea kwa kushoto.